UUMBAJI NA MAGEUKO YA VIUMBE: USHAHIDI WA MILIMA YA ULUGURU

Utangulizi

Kijana mmoja wa kidato cha nne alitujia hapa Morogoro baada ya ibada. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba viumbe wamegeuka polepole tangu kale. Katika mkutano wa injili akasikia kwamba anayekubali fundisho hilo amemkana Mungu. "Mchungaji," aliuliza, "kwenye mtihani niandike jibu la shule au la kanisa?" Swali hilo si dogo. Kijana akilazimishwa kuchagua hivyo, ama atajifunza unafiki, ama siku moja ataliacha kanisa. Kwa hiyo yatupasa kuangalia mabishano haya yalikotoka, na milima iliyo mbele yetu inashuhudia nini.

Mabishano yalikotoka

Mwaka 1859 Charles Darwin, Mwingereza ambaye baba yake alimpeleka Cambridge ili awe kasisi, alichapisha kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Alieleza kwamba viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, nao hawafanani kabisa. Wale wenye sifa zinazofaa mazingira yao huishi na kuwarithisha watoto wao sifa hizo. Huo ndio uteuzi wa asili. Wakristo hawakuupokea kwa namna moja. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, aliutetea bila kuiacha imani yake. Lakini mwaka 1925, huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alihukumiwa kulipa faini ya dola 100 kwa kuufundisha.

Mabishano hayo yamefika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo wa Nairobi aliwaongoza baadhi ya Wakristo kupinga jinsi Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalivyokusudia kuonyesha mifupa ya "Kijana wa Turkana", iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984.

Ushahidi wa Uluguru

Mwaka mmoja baada ya kesi ya Dayton, yaani 1926, Arthur Loveridge wa Harvard alikuwa akikusanya wanyama katika misitu ya Uluguru. Miongoni mwao alikuwamo ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, aliyepewa mwaka 1927 jina la Malaconotus alius. Ndege huyu anajulikana katika Uluguru tu. Vivyo hivyo yuko chozi aitwaye kwa jina la Loveridge, naye ni wa Uluguru peke yake, ilhali ndugu yake, chozi wa Moreau, hukaa katika milima ya Nguru, Ukaguru na Udzungwa. Wako pia vyura wadogo wa jamii ya Nectophrynoides, wasiotaga mayai bali huzaa watoto.

Kwa nini ndugu hawa wafanane, na bado kila mlima uwe na wake? Wataalamu hueleza kwamba upepo wa Bahari ya Hindi uliinyeshea milima hii kwa mamilioni ya miaka, hata nchi tambarare zilipokauka. Misitu ikabaki kama visiwa, na viumbe waliotengana wakazidi kutofautiana kizazi baada ya kizazi. Hatuoni sababu ya kuukataa ushahidi huo.

Imani yasemaje?

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anamfundisha kila Mkristo kukiri kwamba yeye mwenyewe ameumbwa na Mungu. Je, Luther hakujua kwamba alizaliwa na Hans na Margarethe? La hasha! Alijua, wala hakuona kwamba kazi ya wazazi inaifuta kazi ya Muumba. Ikiwa Mungu aliniumba mimi kwa njia ya wazazi, kwa nini asiweze kumwumba chozi kwa njia ya vizazi elfu nyingi?

Hata hivyo tusijidanganye kwamba hakuna ugumu. Uteuzi wa asili ni habari ya vifo vingi, na aliyefiwa na mtoto hawezi kufarijiwa kwa nadharia. Zaburi ya 104 haikwepi jambo hilo. Yamwona simba akimwomba Mungu mawindo. Naye Paulo, katika Warumi 8, anasikia kuugua kwa viumbe vyote. Sisi hatuna maelezo mengine ila msalaba, ambapo Muumba mwenyewe aliingia katika kuugua huko.

Hitimisho

Tulimjibu kijana yule hivi: andika kwa uaminifu ulichofundishwa shuleni, na Jumapili ukiri Imani kwa uaminifu uleule, kwa kuwa Mungu wa kweli haogopi ushahidi wa kazi yake.

Tena tulimwonyesha mlima. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Lakini tangazo halizimi moto wala halishiki shoka. Ndege aliyedumu huko vizazi visivyohesabika aweza kutoweka katika siku zetu, huku sisi tungali tukibishana jinsi alivyoumbwa. Siku hiyo Muumba hatatuuliza tulikuwa upande gani wa mabishano, bali tulimtunzaje kiumbe wake.