Daftari, Mashine na Karani: Mafunzo Kutoka Jijini Dar es Salaam

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tulitafakari neno hilo, kwa sababu daftari lenyewe linageuka sura. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekwisha kuleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao kwa kifupi MUVU, na kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kalamu na karatasi inahamia katika kompyuta. Wako wanachama wanaouliza kama makarani wetu wataiweza kazi hiyo. Wako na makarani wanaojiuliza, kimya kimya, kama kompyuta imekuja kuwasaidia au kuwaondoa. Maswali hayo si mapya. Jiji la Dar es Salaam limekwisha kuyajibu zaidi ya mara moja, na majibu yake hayakufanana.

Katika mwaka wa 1965 kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Matumaini yalikuwa makubwa. Nchi ilikuwa changa, wahasibu walikuwa wachache, na mashine ile ilitazamiwa kuifanya kazi ya watu wengi kwa muda mfupi. Baadaye hesabu za Serikali zilitiwa humo. Lakini Watanzania walioielewa mashine walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mambo mengi yaliwategemea wataalamu wa kigeni. Hesabu zilivurugika, hata ikabidi kuurudia utaratibu wa zamani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kosa halikuwa la chuma. Mashine ililetwa kabla ya watu wa kuitumia kuandaliwa.

Ushirika nao ulikuwa na shida ya namna hiyo hiyo katika miaka ile ile. Chama cha Muungano wa Ushirika wa Tanganyika kilianzishwa mwaka 1961, na makao yake yakawa katika Mtaa wa Lumumba, karibu na Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo. Vyama viliongezeka haraka kuliko makarani na mameneja waliofunzwa. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963 ili kuziba pengo hilo, lakini pengo lilikuwa pana. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasioelewa mambo ya chama chao. Tuziangalie kasoro hizo mbili pamoja. Karani asiyejua kazi hukosea; mwanachama asiyejua haki yake hawezi kuligundua kosa. Hapo ndipo jasho la mkulima lilipopotea, na daftari lilikuwapo mezani.

Miaka 24 baada ya marufuku ile, Wizara ya Fedha ilijaribu tena. Mwaka 1998 ulianza kutumika mfumo wa pamoja wa kusimamia fedha za Serikali, ambao watumishi walikuja kuuita Epicor kwa jina la programu yake. Safari hii mwendo ulikuwa mwingine. Mfumo ulianza na kazi chache za msingi: kuandika fungu, kuandika ahadi ya matumizi, kutoa malipo. Ulianza na wizara, kisha ukaenda mikoani. Wahasibu walifundishwa, na msaada wa kampuni ya hapa nchini ulikuwa karibu pale mtu alipokwama. Tena mhasibu aliona faida yake kwa macho: fungu lisilo na fedha halikupitishiwa malipo, naye akawa na ngao mbele ya mkubwa aliyemshurutisha kulipa. Mfumo huo ulidumu kwa miaka mingi, hata ukaupisha mfumo wa MUSE uliotengenezwa na Watanzania wenyewe.

Somo la tatu linatoka Kariakoo. Mwaka 2010 Serikali ilileta mashine za kielektroniki za kutolea risiti, ikianza na wafanyabiashara waliosajiliwa katika kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2013 zamu ikawafikia wafanyabiashara wadogo zaidi, na maduka ya Kariakoo yakafungwa kwa malalamiko. Wengi walilalamikia bei ya mashine. Mwaka 2023, mwezi Mei, maduka yalifungwa tena kwa sababu ya ukaguzi na utozaji wa kodi, hata Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akakutana na wafanyabiashara hadharani, Mnazi Mmoja. Hatusemi kwamba kodi isilipwe, wala kwamba risiti haina maana. Tunasema kwamba mtu aliyezoea kuendesha duka kwa daftari la mali kauli, akaletewa mashine pamoja na tishio la faini, ataiona mashine hiyo kuwa askari aliyewekwa mlangoni kwake. Haitamjia akilini kwamba ni karani wake.

Basi, ndugu wanachama na ndugu watumishi, yatupasa kuchagua njia ya kupita. Karani afundishwe kabla ya daftari kuondolewa, na afundishwe kwa Kiswahili, kwa stakabadhi na hesabu za zao lake mwenyewe. Kwa msimu mmoja daftari na kompyuta viende sambamba, na kila jioni hesabu za huku na huku zilinganishwe, ili kosa lionekane likiwa bado dogo. Karani mzee asiaibishwe mbele ya kijana. Kijana anajua kubonyeza. Mzee anajua gunia lenye unyevu na mkulima mwenye majina mawili, na kompyuta haitambui hayo mpaka aambiwe. Mkubwa wa ofisi awe wa kwanza kujifunza, kwani watumishi hutazama anachofanya kuliko anachoagiza.

Mwanachama naye asibaki nje ya mlango. Apewe stakabadhi anayoweza kuisoma, aelezwe kila makato, na awe na haki ya kuuliza hesabu yake bila kukaripiwa. Kamati ya mwaka 1966 ilituonya juu ya mwanachama asiyejua. Kompyuta haiifuti hatari hiyo. Ikitumiwa vibaya yaweza kuificha zaidi, kwa maana karatasi iliyochapwa vizuri huaminiwa upesi.

Miaka kumi tumelinda mali yetu kwa daftari. Miaka kumi ijayo tutailinda kwa kompyuta, lakini mlinzi atakuwa yule yule: karani aliyefunzwa, akitazamwa na mkulima anayeelewa.