Kanzu na Koti katika Picha za Wazee wa Dar es Salaam

Wajuzi wa sanaa ya Uingereza ya karne ya 17 huweza kukisia umri wa picha kwa kuitazama kola peke yake. Van Dyck alipohamia London 1632, kola ngumu ya mikunjo ilikuwa ikiachwa, na mabwana aliowachora huvaa lesi iliyolala mabegani.

Dar es Salaam haina michoro ya namna hiyo. Inazo picha za kamera. Katika zile zilizopigwa miaka ya 1950, baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa uitwao leo Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, wazee wengi wa mjini wamevaa kanzu nyeupe, koti juu yake, na kofia. Wako waliodhani kwamba koti lile ni dalili ya kuiga Wazungu. Dhana hiyo ni nyepesi. Picha za Sayyid Barghash, aliyezuru London 1875, humwonyesha katika joho, nalo huvaliwa juu ya kanzu, wazi kifuani. Koti halikuifukuza kanzu, bali lilikalia mahali pa joho.

Kofia nayo ina habari yake. Zama za utumwa katika pwani, kichwa wazi na miguu mitupu vilikuwa alama za mtumwa. Utumwa ulipofutwa, Unguja 1897 na Tanganyika 1922, kanzu na kofia zikawa vazi la kila awezaye kununua. Ndiyo maana katika picha hizo haiwezekani kumtambua mjukuu wa mwungwana na mjukuu wa mtumwa. Na yamkini wavaaji walikusudia hivyo.

Lugha nayo imehifadhi mengine. Koti na kola ni maneno ya kuazima, kama Kariakoo yenyewe, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Lakini mfuko na kifungo ni ya Kibantu. Kanzu ina msamiati wake wa kale: badani, yaani kipande cha mwilini, taharizi, vipande vya ubavuni, kikwapa, na kaba, bitana ya shingoni. Isiyo na nakshi huitwa kanzu ya mfuto. Bahati mbaya, koti limefunika badani na taharizi, na kaba iko ndani. Kwa hiyo mtafiti atakayeishika picha kwa mkono mmoja na kamusi kwa mkono wa pili hana budi kwenda kwa fundi cherehani mzee, angali hai.