Gia za Mkono na Gia za Otomatiki: Historia Fupi



Tukutanapo, gumzo la magari halikosi. Wakubwa husema asiyejua klachi si dereva. Vijana hujibu kuwa klachi ni kujitesa bure. Mimi ni mtumishi wa serikali niliyesoma historia Chuo Kikuu, na naona pande zote mbili zinasahau kuwa gia za aina zote zilibuniwa kutatua tatizo moja.

Injini ya petroli haina nguvu ikizunguka polepole. Yabidi izunguke upesi hata gari linapoondoka taratibu. Mwaka 1891 kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa ilitengeneza gia za kuteleza: dereva anakata nguvu kwa klachi, kisha anasogeza gurudumu la meno likamate jingine. Meno yalisagana kwa kelele, na dereva wa gari la namna hiyo alilazimika kukanyaga klachi mara mbili huku akipima mwendo kwa sikio. Mwaka 1928 Cadillac ya Marekani ilileta kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Huo ndio mwanzo wa gia laini tunazozijua.

Otomatiki asili yake ni melini. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kupitisha nguvu kwa msukumo wa umajimaji, kwa ajili ya meli. Baadaye General Motors waliiunganisha njia hiyo na gia zinazojibadili zenyewe, wakatoa Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940: gia nne za mbele, pedeli ya klachi hakuna. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitiwa hata katika vifaru. Anayesema otomatiki ni ya wavivu na akumbuke hilo.

Wamarekani, wenye petroli rahisi, waliipokea haraka. Ulaya ilisita, kwa kuwa otomatiki za zamani zilikula mafuta zaidi. Japani nayo iliikumbatia, na mwaka 1991 ikaanzisha leseni ya otomatiki pekee. Nasi Tanzania twaendesha upande wa kushoto kama Wajapani. Ndiyo maana magari yao yaliyotumika yamejaa barabarani kwetu, na mengi ni otomatiki.

Mjini, kwenye foleni, otomatiki inapumzisha mguu. Hatari iko mteremkoni. Kazi hunipeleka mikoani, na katika mlima Kitonga nimenusa mara nyingi breki zinazoungua. Mwenye gia za mkono alifundishwa kushuka kwa gia ndogo ili injini ilishike gari. Mwenye otomatiki huacha mkono kwenye D na kutegemea breki tu. Zikipata moto sana, hazishiki. Kumbe naye anayo dawa: ahamie 2 au L kabla ya kuanza kushuka.

Wadogo zetu, jifunzeni klachi, maana malori mengi bado yanayo na ajira imo humo. Lakini mkipata otomatiki msiione aibu. Jueni tu gia inafanya nini, kwa sababu mlima hauulizi gari ni la aina gani.