Ngitili: Akiba Isiyooza

Mtajie kijana wa mjini neno "mazingira", uone. Kitakachomjia kichwani ni mgeni rasmi. Mgeni rasmi kavaa suti, kashika chepe jipya, anapanda mche, watu wanapiga makofi, picha inatoka gazetini. Mche ukikauka wiki ya pili, nani ana habari? Ndivyo tulivyozoeshwa kuamini kwamba kutunza ardhi ni jambo linalopelekwa kijijini kwa Land Rover, na kwamba mwanakijiji ni mharibifu anayesubiri kuelimishwa.

Ndugu msomaji, historia inasema vingine. Twende Usukuma tukaone.

Wasukuma wana neno lao, ngitili. Mvua zikianza, familia au kijiji kinatenga kipande cha ardhi na kukifunga. Ng'ombe haingii, shoka haliingii. Majani yanakua, visiki vinachipua. Kiangazi kikipamba moto, huko nje pamebaki vumbi tupu, ngitili inafunguliwa kwa utaratibu. Wa kwanza kufaidi ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Hakuna cha mche wala mgeni rasmi. Ni akiba, kama mtu anavyoweka mahindi ghalani, na wahenga walisema akiba haiozi.

Sasa, ikawaje Shinyanga hiyohiyo ikafika mahali pa kuitwa jangwa la Tanzania?

Kwanza walikuja wakoloni na vita yao dhidi ya mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 watu walikusanywa kufyeka mapori ya Shinyanga, wakiongozwa na wataalamu kama Charles Swynnerton, ili mbung'o akose mahali pa kujificha. Mbung'o alipungua, na miti nayo ikaenda. Kisha pamba. Kila shilingi ya kodi ilidai shamba jipya, na kila shamba jipya lilidai pori lingine.

Ardhi ilipoanza kuchoka, serikali ya mkoloni ilimlaumu mkulima. Mwaka 1947 ikaanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma, uliojaa amri: lima hivi, weka samadi, punguza ng'ombe. Watu walichukia. Siasa ilipopamba moto, TANU ilipigwa marufuku Usukuma toka 1954 hadi 1958, lakini hasira ya amri zile haikuweza kupigwa marufuku.

Si huko tu. Milimani Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu iliyofukua udongo usio na rutuba na kuuleta juu. Mwezi Julai 1955 wananchi wa Matombo waligoma. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye. Jamani, mtu kufa kwa sababu ya matuta!

Tungedhani tukishapata uhuru tungejifunza. Tulijifunza nusu. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya katikati ya 1970, Wasukuma wengi walihamishwa wakakae pamoja. Nyumba unaweza kuijenga upya, lakini ngitili huwezi kuibeba mgongoni. Zile za zamani zikabaki bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mwisho wake tunaujua. Kule Kondoa mwaka 1979 mifugo yote, karibu 90,000, iliamriwa kutoka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, hilo halina ubishi. Lakini maziwa na samadi viliondoka na ng'ombe, na wenye ng'ombe ndio waliolipa gharama.

Ndipo ikaja 1986, mwaka ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Nao ulianza kwa njia ileile tuliyoizoea: vitalu vikubwa vya serikali, miche inagawiwa, watu wanahimizwa kupanda. Miche mingi haikufika mbali. Safari hii, hata hivyo, wataalamu walifanya jambo dogo ambalo halikuwa limefanywa kwa uzito miaka yote ile. Waliwauliza wenyeji. Na wenyeji wakawajibu: ngitili.

Mizizi ilikuwa bado hai ardhini, ikingoja tu isikatwe. Wakulima walifunga vipande vyao. Dagashida, yaani baraza la kimila, ikapanga sheria na faini. Sungusungu waliokuwa wakisaka wezi wa ng'ombe wakasaka pia wanaoingiza ng'ombe kwenye ngitili za watu. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000. Kuni zikawa karibu, akina mama wakapunguziwa safari. Dawa, matunda ya porini, asali, nyasi za kuezekea, hata ndege, vikarudi.

Lakini tusiandike hadithi ya peponi. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Asiye na ardhi anabaki kuomba kuni kwa jirani. Mwanamke anayeokota kuni hizo mara nyingi si yeye mwenye kauli juu ya eneo. Na sisi wa mjini tusijitoe: kila jioni tunapowasha jiko la mkaa, kuna mti mahali fulani umelipa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji nguvu ya kutunza msitu wake. Ila sheria bila watu wanaoijua inabaki kabatini.

Kinachonisumbua ni kimoja. Ingekuwaje kama mwaka 1986 wazee wote waliolijua neno lile wangekuwa wameshakufa? Mizizi ingekuwepo ardhini, na hakuna ambaye angejua la kuifanyia. Ripoti za mkoloni zilijaa maneno ya wataalamu. Ngitili ilitunzwa vinywani, na vinywa hufunga.

Vijana wenzangu wenye kalamu, hapo kuna kazi yetu. Tunapenda kuandika mapenzi na maisha ya daladala, na si vibaya. Lakini ukienda kwenu likizo, muulize babu au bibi: hapa mlikuwa mnafunga nini, mnafungua lini, na aliyevunja alilipa nini? Kila kabila lina ngitili yake kwa jina lake. Ya kwenu inaitwaje? Iandike kabla hujapanda basi la kurudi mjini.