Wi-Fi ya hosteli imegoma? Jua kizuizi kilipo kabla hujamlaumu mwenye nyumba

Wanafunzi wengi wa SAUT, chuo chenye kampasi kuu Malimbe, Nyegezi jijini Mwanza, wanaishi hosteli na vyumba vya kupanga nje ya chuo. Mtandao ukigoma usiku wa kutuma asaimenti, lawama humwangukia mwenye hosteli. Si kosa lake kila mara.

Kizuizi kinaweza kuwa sehemu mbili:

Kwenye ruta: Laini moja hugawanywa kwa vyumba vyote. Msimamizi anaweza kupunguza kasi, kuweka kikomo cha simu zinazoungwa, au kufunga tovuti za video ili mmoja asimalize bando la wote.

Kwenye mitandao ya nchi: Mtandao wa X ulifungwa Tanzania Mei 2025. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo hata uzime na kuwasha ruta, kazi bure.

Jipime hivi: Zima Wi-Fi, washa data ya simu. Tovuti ikifunguka, huenda shida ipo hosteli. Ikigoma kwa laini za kampuni tofauti, huenda imefungwa juu, au tovuti yenyewe iko chini.

Vipi VPN? Oktoba 2023, TCRA ilitaka wanaoihitaji kikazi waisajili hadi Oktoba 30. Kuitumia kufungua maudhui yaliyozuiwa kunaweza kukuletea faini au kifungo. Na VPN ya bure nayo inaweza kukusanya taarifa zako.