Sheria Waliyoipata Bila Kura

Hebu fikiria: unaliomba bunge sheria, na bunge lenyewe huruhusiwi kulichagua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mary Lewis Wyche, muuguzi wa Raleigh, jimbo la North Carolina, Marekani. Wanawake kule walipata kura 1920. Lakini 1902 yeye na wenzake waliunda chama cha wauguzi cha jimbo, na Machi 1903 sheria ya kusajili wauguzi ikapita, ya kwanza nchini humo.

Ililinda jina tu. Asiyesajiliwa aliendelea kuuguza. Kidogo, utasema. Ila kabla ya hapo yeyote aliyevaa aproni alijiita muuguzi, na mgonjwa angejuaje?

Wauguzi weusi nao walisajiliwa kwa sheria hiyohiyo. Chamani, hapana. Wakaunda chao, wakasubiri mpaka 1949.