Ukoga na Gamba la Meno

Kwenye diko la Mkunguni, Msambweni, samaki huparwa na paka hujipanga kando wakingoja matumbo. Utasikia watu wakisema paka wa diko hana haja ya kutazamwa kinywa, maana chakula chake chatoka baharini moja kwa moja. Mfunue mdomo, ukiweza. Kwenye magego ya juu, upande wa shavuni, huenda ukakuta kitu cha kahawia kimelikamata jino mpaka ufizini. Kinaitwaje?

Kamusi hujibu: ukoga. Neno zuri. Mtu wa pwani anaijua pia koga, ule ukungu unaoota kwenye viatu vya ngozi masika yakikaza. Tatizo ni kwamba ukoga umebebeshwa mizigo miwili. Wa kwanza ni ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi kabla ya mswaki: bakteria waliogandamana kwa mate, na ukiusafisha huanza kurudi baada ya saa chache tu. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliuchukua kwenye meno yake mwenyewe, akautia chini ya hadubini na kuona vijidudu vikienda mbio.

Wa pili ni utando huohuo ukiisha kuganda. Chumvi za chokaa zilizomo kwenye mate huuingia, na kwa siku chache tu huanza kuwa mgumu kama tumbawe. Mate ya mbwa yana hali ya magadi zaidi kuliko yetu. Ndiyo maana meno yake hayatoboki ovyo kama ya mtoto mla peremende, lakini utando wake huganda upesi.

Wapo wanaouita huo mgumu jiwe la meno, kwa kufuata Kilatini, ambacho huuita kijiwe. Mimi naona gamba la meno lafaa zaidi. Jiwe hulala tu mahali, gamba hushika. Tena neno huja na kitenzi chake: ukoga hupigwa mswaki, gamba hukwanguliwa. Anayeviita vyote ukoga atamsugua mbwa wake mwezi mzima akingoja kahawia itoke, na haitoki. Au atachukua kisu, aparuze jino, na ukoga mpya upate pa kung'ang'ania. Kukwangua ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa nusukaputi, kwa sababu gamba baya zaidi limejificha chini ya ufizi. Ufizi uliovimba tu hupona. Mfupa unaoshikilia jino ukishaliwa haurudi.

Ukoga ndio wetu sisi wa nyumbani. Mbwa ana meno 42, paka 30. Mswaki laini wa mtoto watosha, kwa maji au dawa ya wanyama. Dawa ya meno ya watu isitumike, kwani mnyama hajui kutema.

Diani, kwenye nyumba zenye mbwa wa ulinzi, kazi hii huweza kumwangukia mlinzi au mtunza bustani, na kama ni Mdigo Mwislamu ana hesabu nyingine: kwa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Basi anunuliwe glavu. Paka hana sharti hilo, ila ana kucha.